Filta ya mikanda miwili chini ya anga la Lubumbashi: tathmini baada ya mwaka mmoja

Filta ninayoitathmini hapa ni ya kupigia picha nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota. Ni kioo cha duara cha inchi 2 kinachopitisha mikanda miwili tu ya mwanga, kila mmoja ukiwa na upana wa nanomita 7: wa kwanza umezunguka mstari wa hidrojeni-alfa, yaani rangi moja nyekundu inayotolewa na gesi ya hidrojeni, wa nanomita 656.3, wa pili umezunguka mstari wa oksijeni wa nanomita 500.7. Mwanga mwingine karibu wote unarudishwa ulikotoka, ndiyo maana ukikitazama kwa mbele kinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Niliinunua mwezi wa sita mwaka jana kwa dola 240, ikaletwa na ndugu aliyekuwa akirudi kutoka ng'ambo, na tangu hapo imekaa mbele ya lenzi yangu usiku usiopungua arobaini, mwingi wake ukiwa uani kwangu, katika komuni ya Kampemba. Jina la kiwanda silitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimeziona katika kipande kimoja tu kilichonifikia, na kumhukumu mtengenezaji kwa kipande kimoja si haki. Filta za aina hii hutengenezwa na viwanda kadhaa, na mengi ya nitakayoyasema yanatokana na tabia ya kioo chenyewe wala si nembo iliyochapwa pembeni yake.

Vifaa vingine ni vya kawaida, na ninavitaja kwa kuwa filta haiwezi kupimwa peke yake. Kamera ni Canon EOS 600D ya mtumba, ambayo fundi wa simu mjini aliifungua na kuondoa kile kioo cha ndani kinachokata mwanga mwekundu. Lenzi ni Samyang ya milimita 135, yenye tundu la f/2 (kadiri namba hiyo ilivyo ndogo, ndivyo tundu la kuingizia mwanga lilivyo pana). Kamera hukaa juu ya Star Adventurer, kifaa kidogo cha Sky-Watcher chenye mota inayoizungusha polepole ili ifuate mwendo wa nyota, na umeme wake hutoka kwenye betri ya gari. Anayefikiria kununua filta kama hii aanze kwanza na suala la kamera, kwa sababu kamera ya dukani isiyofunguliwa huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa hidrojeni-alfa kabla haujafika kwenye kihisi, na kuweka filta ya bei hii mbele ya kamera ya namna hiyo ni sawa na kununua mtungi mzuri wa kuchotea kisima kilichokauka.

Kwa nini mistari miwili? Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alielekeza spektroskopu yake, kifaa kinachotenganisha mwanga katika rangi zake, kwenye nebula iliyo katika kundi la Joka, ile inayoandikwa leo NGC 6543, akitazamia kuona upinde wa rangi zote kama ule wa nyota. Alichokiona ni mistari michache tu iliyong'aa, akatambua kwamba kilicho mbele yake ni gesi, si nyota nyingi zilizosongamana. Mstari wa kijani katika hiyo haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, hata wataalamu wakaubunia elementi mpya, nebuliamu, ambayo iliendelea kutajwa hadi mwaka 1927, pale Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni ile ile tunayoivuta, ila imenyang'anywa elektroni mbili na imo katika gesi nyembamba mno kuliko tunayoweza kuipata maabarani kwa urahisi. Filta hii imejengwa juu ya jambo hilo. Nebula ya gesi hutoa mwanga wake katika mistari michache iliyo mahali panapojulikana, hali mbalamwezi na taa nyeupe husambaza wa kwao kwenye rangi zote, na taa za zamani za sodiamu hurundika wa kwao karibu na nanomita 589, mahali ambapo filta imefunga mlango.

Ukijumlisha mikanda yote miwili unapata nanomita 14 kati ya takribani 300 ambazo jicho letu huona. Maana yake ni kwamba chini ya asilimia 5 ya mwanga mweupe wa anga ndiyo inayopita. Nimekutana na watu wanaodhani filta inaongeza mwanga wa nebula. Haiongezi hata chembe, na kwa kweli hupunguza kidogo hata ule tunaoutaka. Kazi yake ni kuupunguza mwanga tusioutaka kwa kiasi kikubwa zaidi, kisha inamdai mpiga picha alipe tofauti hiyo kwa muda. Pasipo filta, taa za jirani zikiwaka, picha moja ya sekunde 30 kwa ISO 800 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) inatosha kuijaza anga rangi ya machungwa. Nikiwa na filta, picha ya sekunde 300 bado ni nyeusi kiasi kwamba mgeni angedhani nimesahau kuondoa kifuniko. Lazima kila picha ipokee mwanga kwa muda mrefu, hadi mwanga hafifu wa anga uzidi chengachenga zinazotokana na saketi za kamera yenyewe, kwa sababu picha mia za muda mfupi zikirundikwa pamoja kuwa picha moja, kila moja huja na chengachenga zake.

Tatizo la kwanza lilikuwa namna ya kuifunga. Filta ina nyuzi za milimita 48, lenzi yangu ina nyuzi za milimita 77, na katika maduka ya picha ya mjini, ambayo riziki yake ni harusi na pasipoti, hakuna aliyewahi kuona pete ya kuunganisha vipimo hivyo. Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga chuma katika komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambaye kazi yake ya kila siku ni vipuri vya pampu na vya malori. Aliishika filta kwa kitambaa, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja.

«Mwanangu, hiki kioo umelipia pesa? Mimi hata dirisha silioni vizuri.»

«Papa, ndivyo kinavyotakiwa.»

Hakusadiki, lakini alichonga pete ya alumini safi kabisa kwa siku mbili, nayo ikakaa bila kuyumba. Kwa kuwa tundu la filta ni dogo kuliko kioo cha mbele cha lenzi, pete hiyo inaigeuza f/2 kuwa karibu f/2.9. Hiyo ni hasara ya mwanga, ila si hasara tupu, kwani nyota za pembeni zimekuwa duara safi zaidi, na hazina ile miiba inayoletwa na mapanga ya ndani ya lenzi unapoibana kwa kawaida.

Wapo wanaopenda kuiweka filta nyuma ya lenzi, karibu na kihisi, ili wasipoteze tundu. Kwa lenzi ya f/2 ningewashauri wasifanye hivyo. Filta za aina hii zimetengenezwa kwa tabaka nyembamba zinazochagua rangi kwa kupimia mawimbi, na mwanga unaozipitia kwa kulala hukuta tabaka hizo kana kwamba zimebadilika unene, hata mkanda mzima ukasogea upande wa buluu. Nyuma ya lenzi ya f/2 miale ya pembeni hulala kwa nyuzi 14, na kwa hesabu yangu mkanda wa hidrojeni husogea karibu nanomita 5, ilhali nusu ya upana wake ni 3.5 tu, miale hiyo, kwa hiyo, inakatwa na filta uliyoinunua ili iipitishe. Mbele ya lenzi mwanga wa nyota huingia sambamba, na kwenye kona za picha yangu hauzidi nyuzi 6, ambapo mkanda husogea chini ya nanomita 1. Tena kuna faida nyingine: kioo bapa kilicho mbele ya lenzi hakihamishi mahali pa fokasi, hivyo ninaweza kutafuta fokasi kwenye nyota angavu bila filta, kisha nikaifunga. Nikasema hivyo, lakini mara ya kwanza nilipoifunga gizani mkono wangu uliizungusha pete ya fokasi pamoja na filta, na picha zote za usiku ule zikawa za vitumbua. Siku hizi nabandika gundi ya karatasi kwenye pete hiyo kabla ya kugusa chochote.

Jaribio kubwa lilikuwa la mwezi wa saba, nikilenga nebula ya Tai, M16. Sisi wa Lubumbashi tuna bahati nayo ambayo wapiga picha wengi wa Ulaya hawana. Mji uko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, nebula iko karibu nyuzi 14 kusini, kwa hiyo katikati ya mwezi huo inapita karibu kabisa na utosi mnamo saa 5 usiku, mahali ambapo hewa ya kuipenya ni kidogo kuliko popote. Sehemu ya anga inayoingia katika picha yangu ni takribani nyuzi 9.5 kwa 6.3, nafasi inayotosha M16, jirani yake wa kusini M17, na upande wa kaskazini lile wingu pana na hafifu liitwalo Sh2-54, namba iliyotoka katika orodha ya mawingu 313 ya hidrojeni iliyochapishwa na Stewart Sharpless mwaka 1959. Ni hilo la mwisho lililonifanya nitoe dola 240. M16 na M17 zinaonekana hata bila filta. Sh2-54 ni nyembamba na imetandazwa, na mwanga wa mji huimeza yote.

Kwa haki ya ulinganisho nilipiga saa mbili bila filta, picha 120 za sekunde 60, na usiku uliofuata, saa zile zile, saa mbili na filta, picha 24 za sekunde 300. Katika rundo la kwanza M16 ilikuwa doa la waridi lenye umbo, M17 kidoa cheupe, na mahali pa Sh2-54 palikuwa na uchafu wa rangi ambao kila nilipojaribu kuung'arisha niliung'arisha pamoja na mwanga wa mji uliopanda kutoka upande wa katikati ya jiji. Katika rundo la pili mawingu yote matatu yalijitokeza yakiwa yameungana. Ukingo wa Sh2-54 ulikuwa na pindo, kama nguo iliyokunjwa vibaya, na kati yake na M16 palionekana vichirizi vyeusi vya vumbi ambavyo sikujua kama vingefikiwa na lenzi ya milimita 135. Baadaye niliendelea hadi picha 52 zilizofaa, yaani saa 4 na dakika 20, na wingu likatulia kiasi cha kuchapishwa. Ile minara maarufu iliyo ndani ya M16, ambayo darubini ya Hubble iliipiga mwaka 1995, kwa lenzi hii haizidi pikseli ishirini na kitu kwa urefu, asiyeitafuta hataiona.

Nitaje hapa jambo ambalo wanunuzi wengi hulielewa vibaya kwa sababu ya picha hiyo hiyo ya Hubble. Rangi zake zilipangwa kwa mistari mitatu: sulfuri ikapewa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Filta ya mikanda miwili haina mkanda wa sulfuri, ambao uko karibu na nanomita 672, kwa hiyo rangi zile za dhahabu na feruzi haziwezi kutoka kwake kwa njia ya kweli. Anayezitaka anahitaji kamera isiyo na rangi na filta tatu tofauti, na gharama yake ni habari nyingine kabisa. Kamera ya rangi ina udhaifu wake pia: mwanga wa hidrojeni unapokelewa na pikseli nyekundu tu, ambazo ni moja katika kila nne, wakati ule wa oksijeni unagawanywa kati ya za kijani na za buluu. Programu ya Siril, ambayo ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti na ina maelezo kwa Kifaransa, inazitenganisha vizuri sehemu hizo mbili na kuzirundika kila moja peke yake. Kwa mtu anayenunua megabaiti kwa kuhesabu, kutohitaji intaneti si jambo dogo.

Usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima tangu saa 2 hadi karibu saa 6, nikapata jaribio ambalo mwenzangu wa mji wenye taa zisizozimika hawezi kulipata: uwanja ule ule, nyota zile zile, taa zimezimwa bila mimi kumwomba mtu. Bila filta, muda wa kuifikisha anga kwenye kiwango kile kile cha mwangaza uliruka kutoka sekunde 30 hadi karibu sekunde 90. Pamoja na filta, tofauti kati ya mtaa wenye taa na mtaa wa giza ilikuwa ndogo, hata ilibidi nipime kwenye namba za programu ndipo niione. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokilipia. Mkazi wa mjini anapata kutoka kwenye filta giza ambalo hana. Mwenye gari na mahali salama pa kulala nje ya mji, tuseme mbali kwenye njia ya Kasenga, tayari analo giza hilo, na kwake pesa hizi zingefanya kazi zaidi zikiwekwa kwenye kifaa bora cha kufuata nyota. Hata hivyo, hata katika giza lile picha ya filta ilibaki na ubora mmoja wa wazi, kwamba nyota zilipungua ukubwa na wingi, na wingu likaonekana bila kufunikwa na mchanga wa nyota uliojaa upande ule wa Njia Nyeupe.

Taa moja tu iliishinda, nayo ni taa nyeupe ya sola ya LED iliyo kwenye ukuta wa jirani. Mwanga wa taa za aina hiyo umeenea rangi nyingi, kwa hiyo sehemu yake hupita kwenye mkanda wa oksijeni kwa halali kabisa, na ukiwa unaipiga lenzi kwa ubavu hakuna filta itakayokuokoa. Nilimwendea jirani nikamwomba: «Mama, naomba taa ile uigeuze kidogo iangalie geti, si uani kwangu.» Aliigeuza siku ile ile, akauliza tu kama nilikuwa napiga picha ya watu waliolala. Nilimwonyesha M17 kwenye kioo cha kamera. Alisema inafanana na moshi wa makala.

Na moshi ndio adui mkubwa hapa kwetu, kuliko taa. Kuanzia mwezi wa nane, misitu na nyasi zinapochomwa kila upande na majiko ya makala yakiwaka jioni, anga ya Lubumbashi hupata utandu wa kijivu ambao asubuhi unaufuta mezani kwa kidole. Filta huchagua rangi, lakini moshi hauna rangi ya kuchaguliwa: unameza mwanga wa nebula kabla haujafika, na kilichomezwa hakirudi. Nilipiga Sh2-54 tena mwishoni mwa mwezi wa nane kwa mipangilio ile ile, picha 24 zile zile, na ukingo wenye pindo ukawa umefifia hadi karibu kutoweka. Aliyenunua filta mwezi huo na kuijaribu mara moja angeweza kuirudisha dukani kwa hasira. Vumbi jekundu nalo hukaa juu ya kioo, kwa kuwa kiko mbele kabisa. Ninalipuliza kwa pampu ya mpira kwanza, na kitambaa ni cha mwisho, kwa maana vumbi letu lina chembe ngumu zinazokwaruza.

Mbalamwezi filta inaivumilia kwa nusu. Mkanda wa hidrojeni haukusumbuka sana hata mwezi ulipokuwa umebakiza siku tatu kujaa, mradi nililenga mbali na mwezi. Mkanda wa oksijeni ulisumbuka, kwa sababu hewa husambaza zaidi mwanga wa upande wa buluu, na nanomita 500 ziko karibu na upande huo. Siku hizi nautumia usiku wa mwezi kukusanya hidrojeni peke yake na kuitupa nusu nyingine.

Vipo pia vitu ambavyo filta hii inaviharibu kabisa. Nebula ya M20 ina sehemu nyekundu ya gesi na, pembeni yake, sehemu ya buluu ambayo ni vumbi linaloakisi nyota. Nilipoipiga na filta, nusu ya buluu ilitoweka kana kwamba haijawahi kuwepo. Mawingu yale ya manjano na buluu yanayoizunguka Antares, katika kundi la Nge, vivyo hivyo. Vumbi linaloakisi lina rangi zote za nyota yake, na filta haiwezi kulitofautisha na taa ya mtaa. Kwa hizo, ondoa filta na usubiri umeme ukatike.

Picha za sekunde 300 zina dai jingine lisilohusu kioo, na wauzaji hawalitaji. Ncha ya kusini ya anga, ambayo mota lazima ielekezwe kwake, iko nyuzi 11.7 tu juu ya upeo wa macho wetu, na nyota ya karibu nayo, Sigma Octantis, ina mwangaza wa daraja la 5.4, yaani macho yanaiona kwa shida hata katika anga safi. Kwetu imezama ndani ya utandu na nyuma ya mwembe wa jirani. Sijawahi kuiona hata mara moja kutoka uani. Ninaelekeza kwa dira, kisha ninaangalia nyota iliyo karibu na utosi inavyoteleza kwenye kioo cha kamera na kusahihisha kidogo kidogo, kazi inayochukua dakika arobaini. Kati ya picha 71 za M16 nilizopiga na filta, zile 52 ndizo zilizobaki na nyota za duara. Angalau baridi ilinisaidia: usiku wa mwezi wa saba kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 8, na kihisi kisicho na kipozeo hutoa chengachenga chache sana katika baridi hiyo kuliko katika joto la mwezi wa kumi.

Kasoro ya kipande changu niliigundua mwaka huu, mvua zilipokwisha. Mwisho wa mwezi wa nne hewa imeoshwa, mashamba bado hayajachomwa, na jioni masalia ya supanova ya Vela, nyota iliyolipuka miaka kama 11,000 iliyopita, bado yako juu upande wa kusini kwa saa tatu nzuri. Yametandaa nyuzi 8 hivi za anga, na nyuzinyuzi zake nyingi za gesi ni za oksijeni. Niseme wazi kwamba hakuna picha yoyote ya mwaka huo mzima iliyonifurahisha kama hiyo: vitambi vya buluu-kijani vyembamba kama utando wa buibui, kutoka uani, ndani ya mji. Lakini katika kila picha palikuwa na doa dogo la kijani lililofifia, mahali ambapo ramani haina kitu. Nilipopima niligundua kwamba lilikuwa limekaa ng'ambo ya pili ya nyota Gamma Velorum, umbali ule ule kutoka katikati ya picha. Mwanga wa nyota hiyo angavu ulikuwa unagonga kihisi, unarudi nje kupitia lenzi, unakutana na uso wa filta unaong'aa kama kioo, kisha unaingia tena. Rafiki mwenye darubini ya milimita 400 aliiazima filta akaifunga karibu na kihisi, tukaielekeza makusudi Shaula, nyota ya mwiba wa Nge. Huko haikutoa doa, ilitoa duara pana la buluu kuizunguka nyota. Rangi ya dosari zote mbili inanionyesha kwamba tabaka za upande wa oksijeni hazikupakwa kwa uangalifu sawa na zile za upande wa hidrojeni, na kwa bei hii nililitegemea jambo bora zaidi.

Dawa ya doa ilikuwa ni kuinamisha filta. Ikiinama nyuzi 3, doa huhama nyuzi 6 na kutoka nje ya picha, na mkanda kwenye kona mbaya kuliko zote husogea chini ya nanomita 2, kiasi ambacho upana wa 7 unakivumilia. Wenye filta za nanomita 3 wasijaribu. Nilirudi komuni ya Kenya na pete yangu na mchoro wenye pembe ya nyuzi 3. Mzee aliutazama mchoro, akaitazama pete aliyoichonga kwa unyoofu ule, akaniangalia mimi.

«Miaka yote watu wananiletea vilivyopinda ninyooshe. Wewe umeleta kilichonyooka nipinde.»

Alidai dola 15, tano zaidi ya mara ya kwanza. Wiki iliyofuata niliipiga Vela tena kabla haijatua nyuma ya paa, na mahali pa lile doa palikuwa na anga tupu na uzi mmoja mwembamba wa oksijeni uliokuwa umejificha chini yake.